Kivuli Kilichojengewa Darajani

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Mji wa Studenbrod ulinuka plamu zilizochacha na moshi wa kuni, kama unavyonuka kila vuli, na mto ulikuwa unapiga kelele zake za siku zote chini ya korongo. Nevyana, aliyefika kwa basi kutoka mji mkuu, Sofia, jana yake, alitoka na kopo la gundi na matangazo ya arobaini ya mama yake mdogo, Petkana. Moja akalibandika mlangoni kwao, moja kwenye duka la mikate, moja kwenye nguzo ya kituo cha basi. Kote ilikuwa picha ileile: Petkana anacheka, kilemba kichwani, jua machoni.

La mwisho akaenda kulibandika darajani. Fundi Penyo, mwashi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepiga magoti anasugua mawe mapya. Kesho yake Meya angezindua daraja.

“Fundi, za kazi?”

Penyo akainua uso. Akaiona picha. Brashi ikamponyoka.

“Usibandike hapo, binti.”

“Kwani hapa pana nini? Daraja la baba yako?”

“Bandika popote. Hapo usibandike.” Alikuwa ananong’ona, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasikia. “Hapo anajiona.”

Nevyana alidhani mzee amekwisha kunywa rakia, ile pombe kali ya plamu, asubuhi yote ile. Akabandika hivyohivyo, juu ya tao la tatu. Mkono wake ulipogusa jiwe, liliganda kidogo kwenye kiganja chake, kama ulimi.

Nyumbani kwao ni Osoye, ng’ambo ya kivuli. Studenbrod ni mji mmoja kwenye ramani tu. Prisoye imeegemea mlima unaotazama jua: huko kuna mizabibu, nyumba za ghorofa, na ukoo wa Haralampiev tangu enzi za Sultani. Osoye iko chini ya jabali. Ikifika Novemba jua linaihama, na halirudi mpaka ndege korongo waanze kujenga viota. Miezi hiyo yote watu wa Osoye hutembea bila kivuli. Watoto wa Prisoye walikuwa wakiwazomea shuleni: “Mizuka hao! Vivuli vyenu mmevisahau wapi?”

Na shuleni humohumo walifundishwa historia ya daraja. Kwamba Haralampiev mkubwa, mfadhili wa mji, alilijenga kwa mawe, mafuriko yakalibeba, akalijenga tena, yakalibeba tena, la tatu likasimama. Likasimama mpaka masika ya mwaka juzi, mto ulipolichukua nalo. Nevyana aliwahi kunyoosha mkono darasani kuuliza kwa nini lile la tatu lilisimama. Mwalimu alimwambia akae chini. Basi hakukaa chini tena maishani. Ndiyo maana chuoni hakuna aliyependa kupangwa naye kwenye mdahalo.

Bibi Stoyna alikuwa anachanganya sukari kwenye ngano ya kuchemsha, ile wanayogawana makaburini. Nevyana alipomsimulia ya Penyo, mwiko wa bibi ukasimama katikati ya bakuli.

“Funga mlango, mjukuu wangu.”

“Bibi, ni mchana.”

“Funga.”

Akaufunga.

“Petkana hakufa kwa ugonjwa wa moyo,” bibi akanong’ona. “Alipimwa.”

Kila mtu wa Studenbrod anajua maana ya neno hilo, hata anayejifanya hajui. Daraja lisiposimama, mwashi hupima kivuli cha mtu kwa uzi mwekundu, mwenyewe asijue. Uzi hujengewa ukutani. Arobaini haifiki, mtu amekufa, na roho yake haiendi popote. Inakuwa talasam, mzuka wa kulilinda daraja.

“Tao la tatu lilianguka mara mbili mwaka huu,” bibi akaendelea. “Mama yako mdogo alikuwa kazini kwa Meya, anaanika plamu kwenye baraza. Jioni alirudi anacheka. Eti, ‘Mama, leo Meya kanisemesha! Kasimama nyuma yangu, kaniuliza habari za watoto wa dada yangu, habari za magoti yako.’ Mtu ambaye miaka yote hajampa hata ahsante! ‘Na Fundi Penyo naye,’ anasema, ‘anazungukazunguka na uzi kama paka.’ Alicheka, Nevyana. Alidhani wanapima sakafu.”

Nevyana alisimama. Mto haukuwachagua watu wa Osoye. Mlima haukuwachagua. Wao walivuka kwenda kufua, kuanika, kupika nyumba za watu, na huko ndiko walikopata kivuli. Hata kivuli walikipata kwa kutumika. Hicho nacho kikachukuliwa.

“Bibi, na aliyepimwa haponi?”

“Uzi ukitolewa ukutani mtu akiwa bado hai, anapona. Lakini daraja halisimami.” Bibi akafuta macho kwa upindo wa kitambaa. “Mimi nilikuja kujua akiwa amekwisha kuzikwa.”

Makaburi ya Osoye yako juu kabisa ya jabali. Waliokufa ndio wanaopata jua. Padri alisoma, mishumaa ikawashwa, ngano ikagawiwa. Watu walikuwa wanalamba vijiko wakati Meya Haralampiev alipofika, koti jeusi, kofia mkononi. Uchaguzi ulikuwa karibu.

“Poleni sana,” alisema. “Petkana alikuwa mtu wetu.”

“Mtu wenu, kweli,” Nevyana akasema.

Jua lilikuwa mgongoni mwa Meya. Kivuli chake kililala juu ya udongo mpya wa kaburi. Nevyana akakitazama ili asimtazame usoni. Miguu ilikuwepo. Koti lilikuwepo. Mabega. Mkono, na kwenye mkono kivuli cha kofia, ukingo wake umetoka vizuri kabisa.

Kichwa cha kuvaa kofia ile hakikuwepo.

Nevyana akateremka mlima mbio. Penyo alikuwa bado darajani, ameegemea ukingo, na safari hii kweli alikuwa amelewa.

“Ulimpima Petkana vipi?” Nevyana akamkaba kwa maneno kabla hajamfikia. “Usinidanganye, Fundi. Umekula mezani kwake.”

“Nilitumwa.”

“Sikukuuliza nani kakutuma. Nimekuuliza ulimpima vipi.”

Penyo alianza kulia bila sauti. “Miguuni mwake mpaka mwisho wa kivuli. Ndivyo inavyopimwa.”

“Meya alikuwa amesimama wapi?”

“Nyuma yake. Amzuie asigeuke.”

“Jua?”

“Mgongoni kwao.”

“Petkana alikuwa mfupi, Fundi. Meya ni mrefu kama mnara wa kanisa. Kivuli chake kilimfunika, kikapita. Huo mwisho ulioupima ulikuwa kichwa cha nani?”

Penyo alikuwa anaitazama picha pale kwenye tao la tatu. Nevyana naye akaitazama. Asubuhi Petkana alikuwa anacheka. Sasa midomo ilikuwa imefungwa.

Nyumba ya Meya ilikuwa bado kwenye jua. Nevyana alimkuta barazani, glasi ya rakia mbele yake, plamu zimeanikwa mpaka ukutani. Hazikuwa zimeguswa tangu Petkana aondoke. Zilikuwa zimekauka mpaka zimekuwa nyeusi.

“Aa, msomi wetu. Karibu. Umekuja kuniombea kura?”

“Nimekuja kukupa nafasi, Mheshimiwa. Mlimpima mama yangu mdogo.”

Meya alicheka. “Sofia wanawafundisha haya? Uchawi?”

“Sisemi kwamba uchawi upo. Nasema wewe uliamini upo, na ukamchagua yeye. Ulitaka afe. Hiyo inatosha.”

“Binti, watoto wako wa Osoye watavuka wapi kwenda shule? Waogelee? Daraja ni la watu wote.”

“Basi kwa nini hukumpima mkeo?”

Glasi ikasimama karibu na mdomo wake.

“Tazama chini,” Nevyana akasema.

Hakutaka kutazama. Akatazama. Juu ya zile plamu kavu ulilala mwili wa kivuli, umekatwa shingoni. Meya akaweka glasi chini, akagusa kichwa chake kwa mikono miwili. Kwenye baraza, mikono ya kivuli ilipanda, ikashika hewa tupu.

“Uzi ulianzia kwake ukaishia kwako,” Nevyana alisema polepole. “Leo ni arobaini yake. Umeshikwa kichwa tu, ndiyo maana u hai bado, lakini sasa ulinzi wake wa daraja unaanza. Kesho, mbele ya watu, sema ulichofanya. Taja jina lake. Vunja ukuta, utoe uzi. Utaishi.”

“Na daraja?”

“Litaanguka. Na jina la ukoo wako pia.”

Hofu ilikuwepo machoni mwa Meya, Nevyana aliiona. Halafu aliona kitu kingine kikija juu yake na kuikalia: kile kiburi cha kale cha Prisoye.

“Kwa ajili ya msafisha nyumba?” Meya akasema. “Ondoka kwangu.”

Akaondoka. Angeweza kumsihi. Angeweza kurudi na nyundo mwenyewe, amwokoe kwa nguvu. Aliwaza hayo yote njiani, akayapima moja moja kama hoja, akayakuta mepesi. Petkana hakupewa hata nafasi ya kukataa.

Jumapili mawingu yalifunika mlima. Meya aliyatazama kila mara, na kila mara alitabasamu. Bendi ilipiga, wasichana waliovaa mavazi ya kale walishika mkate na chumvi, padri alinyunyiza maji. Nusu ya mji ilijipanga Prisoye, nusu Osoye. Utepe ulikatwa katikati ya makofi. Meya alianza kulivuka daraja, peke yake, kofia kichwani, mikono juu akiwapungia watu.

Alifika tao la kwanza. La pili.

Mawingu yakafunguka.

Jua liliingia korongoni lote kwa mkupuo. Bendi ikanyamaza, chombo kimoja baada ya kingine. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, “Mama, mbona yule hana kichwa?” Mama yake akamfunika mdomo.

Meya alisikia. Akasimama. Akageuka kumtafuta Nevyana kwenye umati wa Osoye, akampata. Midomo yake ikaanza kuunda jina. Pe.

Hakulimaliza. Kitu kilimvuta. Kofia ikaanguka. Nywele zake zilisimama wima mbele ya uso, zimekunjamana, kama zimeshikwa kwenye ngumi. Hapakuwa na ngumi. Akapiga hatua. Akapinga. Akapiga nyingine. Alipofika tao la tatu akapiga magoti taratibu, kama mtu anayebembelezwa. Akaweka paji la uso kwenye jiwe, palepale. Akakaa hivyo.

Hakuna aliyemkaribia. Mto peke yake ulikuwa unasema.

Fundi Penyo ndiye aliyethubutu. Alimgusa bega, na Meya akaanguka upande. Uso wa Meya ulikuwa na alama nyembamba, nyekundu, kutoka sikio hadi sikio, kama ya uzi uliokazwa.

Moyo, wakasema hospitali. Neno lilelile waliloandika kwa Petkana. Nevyana alilisikia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Bibi Stoyna alimtazama, akafanya ishara ya msalaba.

Daraja lilisimama. Limesimama mpaka leo. Watu hulivuka kwa haraka, wameinamisha macho, na hakuna aliyewahi kusema kwamba livunjwe.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Asubuhi Prisoye walifungua milango, wakaifunga tena. Katikati ya daraja, juu ya tao la tatu, zilianzia nyayo. Hapakuwa na nyayo za kufika hapo, zilianza tu. Zilikuwa ndogo, za miguu mitupu, za mwanamke. Zilikwenda Prisoye. Zilipita nyumba kwa nyumba za watu waliokuwa na wafanyakazi kutoka Osoye, na mbele ya kila mlango zilisimama, vidole vikiutazama mlango, visigino vimezama, kama mtu aliyengoja sana. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Haralampiev. Baada ya hapo hazikwenda kokote.

Na kando ya zile nyayo, mlango hadi mlango, theluji ilikuwa na mfereji mmoja usiokatika. Wa kitu cha mviringo, kizito, kilichoburutwa kwa uzi.