Kompyuta Ilisema Ni Mimi

"Soma mwenyewe! Hili jina ni la nani?"

Muuguzi mkuu aliigeuza kompyuta mbele ya wodi nzima.

Dozi ya mtoto mkubwa wa kitanda cha dirishani ilikuwa imeingizwa kwenye faili la kichanga wa kitanda cha mlangoni. Na kichanga alikuwa ameshapewa! Walikuwa wamemkimbiza chumba cha mahututi...

Jina la aliyeingiza lilikuwa langu.

Jamani, dozi ile hata kuigusa sikuigusa!

Ngoja niwaeleze wodi yetu inavyokwenda. Mfumo ule wa kompyuta unafunguka kwa kujivuta, unaweza kuchemsha chai ukaimaliza. Kwa hiyo anayewahi asubuhi anaingia kwa nywila yake, anauacha wazi, wote tunaandikia humohumo. Daktari akitaja dozi, aliye karibu anaingiza.

Na kiherehere wa kuwahi ni mimi.

Nikamgeukia Pacha, muuguzi mwenzangu. Nilimwita hivyo kwa sababu hata chupa ya maji tulikuwa na moja. Siku hiyo yeye ndiye aliyegawa dawa.

"Pacha, waambie! Si wote tunatumia jina langu?"

Akaangalia viatu vyake.

"Mimi nilifuata kilichoandikwa tu..."



Nikasimamishwa kazi nisubiri kamati. Nikatolewa kwenye grupu la wodi. Nikimpigia Pacha, simu inaita mpaka inakata.

Mume sina, mama yangu alishatangulia. Nilikuwa napiga pasi sare, naitundika, kesho naipiga tena. Wapendwa, upweke ule simwombei hata adui. Na kichanga yule hakunitoka akilini.

Siku ya kamati, muuguzi mkuu alikaa upande wa wakubwa. Akaitwa mama wa kichanga.

Nikainamisha kichwa. Nikajua leo natafunwa mzima mzima.

"Mwanangu anaendelea vizuri," alisema. "Ila huyu dada mnamwonea."

"Mama, kompyuta inaonyesha..." mwenyekiti wa kamati alianza.

"Mimi nilikuwepo! Daktari anataja dawa, huyu dada alikuwa na mimi kitandani, anambadilishia mwanangu plasta ya dripu. Mikono yote miwili imeshika mtoto! Ataandika na nini?"

"Sasa nani aliandika?"

Akanyoosha kidole.

"Si huyo hapo!"

Muuguzi mkuu!

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilidhani nimefungua faili la mtoto wa dirishani," alisema taratibu. "Nilipogundua, dawa ilishaingia. Nikaona jina si langu... nikaogopa."

Nikarudishwa kazini. Sasa kila mmoja anaingia kwa jina lake, akinyanyuka anafunga.

Pacha alikuja analia.

"Nisamehe, shoga yangu."

"Yameisha," nikamwambia.

Lakini chupa ya maji nilinunua yangu.

Ndugu zangu, mnaotumia mifumo hii, ukimaliza funga. Na ukikosea, sema hapohapo. Kosa la muuguzi mkuu lingempata yeyote kati yetu. Kilichoniumiza ni kwamba wodi nzima ilijua tunavyofanya kazi, na aliyefungua mdomo ni yule aliyekuwa na haki kuliko wote ya kunichukia.

Simu yangu siku hizi haiiti sana. Ikiita, mara nyingi ni mama yule, kanitumia video ya mwanawe.

Ameanza kutambaa.