Siku Tano za Kitoweo

Lori lilipozama mchangani, kwenye mto mkavu magharibi ya Kang'ata, Semboja, mkuu wa msafara, hakushuka kusukuma. Alisimama juu ya mzigo, kijitabu mkononi, akaamuru magunia mawili ya makopa yatupwe ili gari liwe jepesi.

"Tupa mihogo," alisema. "Nyama ibaki."

Mashavu, mpishi wa kambi ya wawindaji, alishika kiuno. Shehena ile ya nyama kavu ya kongoni ilikuwa inapelekwa kijiji kipya cha Ujamaa, ambako watu walihamishwa mahindi yao yakiungulia shambani. Ulikuwa mwaka 1974, na ukame ule uliwakondesha hata kongoni wenyewe. Nyama yao haikuwa na mafuta ya kukaangia yai moja.

"Ndugu Semboja, nyama ni kitoweo. Chakula ndicho hicho unachokitupa. Mzigua hasafiri bila makopa."

"Huo ndio ujinga tunaoupiga vita, mama. Mihogo inajaza tumbo tu. Nyama inajenga mwili."

Semboja alikuwa mtoto wa kijiji cha Mpale, amesoma kozi ya lishe ya miezi mitatu, na tangu arudi hakuna aliyemeza tonge mbele yake bila kuhutubiwa. Watu walimwita Bwana Lishe. Basi, magunia yakatupwa na lori likatoka. Maili sita mbele, ekseli ya nyuma ikakatika kwa kishindo kilichotimua kanga wote wa kichaka kile.

Walikuwa wanne: Semboja, Dominiko dereva, mzaliwa wa mashamba ya mkonge ya Korogwe, Mashavu, na mumewe Mhina, mwindaji wa kambi. Miaka miwili nyuma Mhina alilazwa kwa ugonjwa wa figo, na daktari aliwaambia wazi: nyama kidogo, maji mengi. Sasa walikuwa na nyama ya kulisha kijiji kizima, na maji debe moja.

Mashavu alilisema hilo jioni ile ile. Semboja alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye cheti.

"Mgonjwa ndiye anayehitaji nyama zaidi, mama. Tusubiri hapa. Lori la pili litapita keshokutwa, na mali ya umma haiachiwi fisi."

Siku ya kwanza walikula mpaka mikanda ikabana. Dominiko, ambaye babu yake alikuja na Wanyamwezi wenzake kukata mkonge, alileta utani wake. "Watani zangu Wazigua, mmekula kama machifu. Mbona mna nyuso za msibani?"

"Tumeonja," alisema Mhina. "Kula bado."

Siku ya pili hakuna aliyetania. Nyama ile ilikuwa inakunywa maji kuliko watu. Kila kipande kilidai kikombe, na kikombe hakikuwepo. Walikojoa kidogo, mkojo mweusi kama chai iliyochacha. Ajabu ni kwamba tumbo lilikuwa limejaa na njaa iko pale pale, njaa ya kutetemesha mikono, ambayo kongoni mzima asingeituliza. Siku ya tatu Dominiko aliharisha mpaka akawa hawezi kusimama bila kushika bodi ya lori. Vichwa viliwagonga. Lori la pili halikupita.

"Ongezeni kula," alisema Semboja, midomo imempasuka. "Nguvu zitarudi."

Hebu fikiri! Mtu anaona wenzake wanamwagika kama ndoo iliyotoboka, naye anaongeza kile kile kinachowatoboa, kwa kuwa kijitabu kimesema. Na Mashavu alijilaumu pia, maana siku tatu nzima alikuwa akimkatia mumewe nyama hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne alifunga sufuria. Lakini kope za Mhina zilikuwa zimevimba, na pumzi yake ilinuka choo. Alimvuta mkewe karibu.

"Mama Zamda, tangu jana sijapata haja ndogo. Hata tone."

Zamda alikuwa binti yao wa pekee, waliyemwacha kwa shangazi yake Chanika. Mashavu alimfikiria mtoto yule akivishwa kaniki ya msiba kwa sababu ya kozi ya miezi mitatu, na hasira ikampanda.

Alfajiri ya siku ya tano alikata mti, akafunga turubai kuwa machela ya Mhina.

"Tunarudi mtoni. Makopa yako kule, na palipo na mto pana maji chini ya mchanga."

"Nimesema hakuna anayeondoka!" Semboja alisimama njiani. "Nyama hii nimekabidhiwa mimi."

"Na huyu nimekabidhiwa mimi." Mashavu alimsogelea hadi wakagusana pumzi. "Baki uilinde. Ikikushinda kuila, itakula wewe. Dominiko, inua!"

Hawakufika mbali. Dominiko alianguka magoti mara mbili katika hatua mia, na mara ya tatu machela haikugusa chini. Semboja alikuwa ameshika ncha ya nyuma. Hakuna aliyemshukuru.

Maili sita ziliwachukua mpaka jua la utosi. Walibadilishana mabega, watatu kwa ncha mbili, ngozi ikibanduka chini ya mti. Mtoni walikuta nguruwe pori wamepasua gunia moja na kulimaliza. La pili lilikuwa zima. Mashavu alipita akitafuta mkuyu, mti usiokaa mbali na maji, akaupata penye kona ya mto, akaanza kuchimba kwa sufuria. Mchanga mkavu. Mchanga mkavu tena. Alichimba hadi kiunoni, kucha zikivuja damu, akimtukana Semboja kwa Kizigua, tusi kwa kila sufuria, ndipo mchanga ukageuka mweusi na maji yakaanza kujikusanya taratibu.

Mhina alinyweshwa kwanza, kijiko kwa kijiko. Kisha makopa yakapondwa kwa mawe, uji ukapikwa. Dominiko alimaliza bakuli lake, akafuta mdomo, machozi yakamtoka bila aibu.

"Sasa nimekula," alisema.

Semboja alikunywa bakuli tatu. Hakuhutubu.

Kesho yake wafugaji wa Kimasai walileta ng'ombe mtoni kuwachimbia maji. Mzee wao alikuwa amelipita lori njiani. Aliwatazama wote wanne, mifupa na macho, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Gari yenu imejaa nyama. Nani amewanyima chakula?" Akampandisha Mhina juu ya punda, akawafikisha Kang'ata, na kutoka hapo wakapakiwa gari hadi hospitalini Korogwe.

Daktari aliuliza walikula nini. Alipojibiwa, alikuna paji la uso. "Nyama tupu, siku tatu, bila maji? Taka za nyama hutolewa na figo, na figo hutaka maji. Hata mzima huumia. Huyu mlikuwa mnamuua." Mhina akawekewa dripu. Wakaambiwa wasubiri mkojo, usipopatikana, basi.

Usiku huo na mchana uliofuata mkojo haukupatikana. Mashavu alikaa ukumbini, na mwisho wa benchi, kwenye kimeza, Semboja alikuwa anaandika taarifa kwa wakubwa wake. Mashavu alikuwa amejifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima. Aliinama, akasoma kwa kidole: *Msafara ulinusurika kutokana na akiba ya nyama.*

Alikaza kidole kwenye mstari ule.

"Futa."

"Ndugu Mashavu, wakubwa hawatapenda kusikia..."

"Watu wa kijiji kile bado wanasubiri lori lako. Utawapelekea nyama, na maneno haya, na watoto wao watakula bila uji. Futa!"

Mlango wa wodi ukafunguka. Muuguzi alitoka ameshika chupa ya kioo, robo tatu imejaa, anacheka kama mtu wa arusini.

"Mama, mumeo amekojoa!"

Mashavu aliruka kutoka kwenye benchi. Alishika ukuta, akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu mbele ya wagonjwa wote. Halafu akamwomba muuguzi ile chupa. Ilikuwa bado na joto. Aliibeba kwa mikono miwili, akaitua katikati ya taarifa, juu ya lile neno *nyama*.

"Hiki ndicho tulichokaribia kukikosa, Bwana Lishe. Anza upya."

Semboja aliivuta taarifa kutoka chini ya chupa, akaichana. Kisha akachukua karatasi nyingine.