Chokaa Kwenye Ukuta wa Bibi

Mchana ule lango la soko lilikuwa limefurika, mwenye kikapu akimsukuma mwenye mkokoteni. Katikati ya vurugu hiyo fundi cherehani mmoja alichuchumaa chini ya picha ya ukutani, mkono umezama hadi kiwiko kwenye ufa nyuma ya bomba la maji. Alivaa gauni la manjano aliloshona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki dukani. Vidole vyake viligusa kopo, kisha vikagusa vidole vingine.

"Samahani dada, hilo kopo nimeliona mimi kwanza," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa bomba.

"Wewe umeliona, kaka yangu. Mimi nimelishika."

Aliyechungulia alikuwa kijana mrefu, mpaka rangi, ovaroli yake imerukiwa na kila rangi unayoijua, shati limekosa kifungo cha juu. Kumbe wote wawili walikuwa wachezaji wa mchezo wa makopo. Mtu huficha kopo karibu na mojawapo ya picha za kale zilizochorwa kwenye kuta za mji, simu inakuelekeza, ukilipata unafungua. Sheria yao kubwa ni moja: ukichukua kitu, uache kitu. Fundi aliacha kifungo chekundu. Kijana akakichukua, akaacha brashi ndogo, na fundi akaitia mkobani.

Juu yao, ukutani, wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya lango lile lile, wamekumbatia vikapu, siku walipokataa kufukuzwa sokoni. Wa mbele kabisa, mwenye kitambaa cha bluu, alikuwa bibi yake fundi enzi za ujana wake.

Walipokutana tena, kile kifungo chekundu kilikuwa kwenye shati la kijana, kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo akawa anamwita Rangi, naye akaitwa Fundi wangu, wakatafuta makopo mji mzima, picha kwa picha. Jioni simu hazikuisha. Alipompeleka kwa Bibi, Rangi aliamkia vizuri, akakaa, akaona kiti cha Bibi kinayumba. Aliomba nyundo, akakikaza mguu.

"Huyu ana macho," Bibi akasema baadaye. "Mshike."

Halafu habari zikaenea. Wakubwa wa mji walikuwa na wageni wanaokuja, hawakutaka wageni waone watu waliokaa chini kwa ubishi. Ukuta upakwe chokaa uwe mweupe. Fundi alipita sokoni akamwona Rangi juu ya ngazi, brashi mkononi. Nusu ya wanawake walikuwa wameshapotea. Alisimama mbali, akampigia simu.

"Niambie siyo wewe ninayekuona."

"Ni mimi, mpenzi. Nitakueleza jioni."

"Nieleze sasa."

Chini ya ngazi alisimama msimamizi, mikono kiunoni, masikio wazi. "Siwezi," akasema Rangi.

Fundi akakata simu, akaifunga namba ile isimpate tena. Jioni Rangi alikuja dukani, akamkuta na wateja. Fundi aliuma pini midomoni na kukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka kijana akaelewa, akaondoka. Usiku huo Bibi hakula vizuri, ila hakumsema mtu.

Asubuhi ya wageni, simu ya Fundi ilionyesha kopo jipya. Lilikuwa kwenye ukuta ule ule. Akaona ni kejeli, akaondoka kwa hasira, Bibi akimfuata polepole na kiti chake.

Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa kilicholoweshwa maji, basi. Fundi alikitazama. Kwa uchungu tu akakipiga ukutani, akasugua mara moja. Chokaa ikateremka kama maziwa. Kidole cha mguu kikatokea, kisha kingine, rangi yake nzima kama jana.

"Picha imechorwa kwa rangi ya mafuta, na hiyo haikamatani na chokaa," ilisema sauti nyuma yake. Rangi alisimama na ndoo mbili za maji. "Na chokaa yangu sikuitia gundi wala chumvi ya kuishikiza. Ningeikataa kazi, wangemleta mwingine na rangi ya mafuta, na Bibi asingetoka tena."

Fundi alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Alichukua ndoo. Wauza mboga wakaona, mmoja akaja na dumu, mwingine na fagio, na muda si mrefu ukuta ukawa unatiririka. Kitambaa cha bluu kilipotokea, makofi yalipigwa.

Msimamizi alifika mbio, akauliza nani ametoa ruhusa. Bibi aliacha kiti chake, akakaa chini, pale pale alipokaa pichani.

"Mara ya kwanza nilikaa hapa nina mimba ya mama yake huyu," akasema. "Leo mgongo unaniuma, mwanangu, kwa hiyo usinichoshe kwa maneno."

Wauza mboga wakakaa pia, mmoja mmoja. Msimamizi alimgeukia Rangi, akamwambia kazi yake imeisha. Magari ya wageni yakaingia. Mgeni wa kwanza alishuka, akautazama ukuta, akawatazama wanawake waliokaa chini, akavua kofia.

Rangi alikamua kitambaa, macho chini. "Fundi wangu, sina kazi tena. Lakini nataka kukuchukua, uwe mke wangu. Na sheria ni sheria. Sijui niache nini."

"Acha kunificha mambo."

"Nimeacha."

"Namba yako nitaifungua leo," akasema Fundi. Akatoa sindano na uzi mwekundu mkobani, akamvuta karibu kwa ukosi, akakata ule uzi wa kijani kwa meno, akaanza kukishona upya kifungo chekundu.

"Mkimaliza," Bibi akasema kutoka chini, "mnishike mkono. Lakini siyo sasa. Bado nimekaa."