Sauti Ndani ya Pipa la Moshi

Chungu cha kwanza Gaudensia alidhani kiligusana na kingine. Alikipangusa maranda, akakigeuza kwenye mwanga. Moshi ulikuwa umekipaka mawingu meusi kama kawaida, ila ubavuni palibaki alama nyeupe za vidole vidogo, kana kwamba mtu alikishika humo ndani ya pipa wakati moto unawaka.

Hiyo ndiyo kazi aliyojulikana nayo pale kijijini Itetemia: kufinyanga, kusugua udongo kwa jiwe mpaka ung'ae, kuchoma, kisha kufukia vyungu kwenye pipa la maranda yanayofuka. Moshi huingia kwenye udongo wote, isipokuwa palipozibwa.

Chungu cha pili kilikuwa na alama zilezile. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Akakaa chini. Stela, mwanawe, alikuwa na kidole hicho. Homa ilimchukua masika yaliyopita, hajatimiza miaka saba.

"Unaona unachotamani kuona, mke wangu," Vedasto alimwambia kwa upole. Lakini jioni ile, pipa lilipoanza kufuka, harufu ya maranda iligeuka ikawa ya ubani na jasho la watu wengi, na ndani ya moshi sauti ikaita polepole, "Mama." Vedasto akaangusha jembe.

Ni yeye aliyekwenda mjini kumleta mzee Mabruki, mtoa majini. Mzee alinusa pipa, akatazama nyuma ya nyumba, ilikopita njia ya zamani ya misafara.

"Huyu si mtoto wenu," akanong'ona. "Ni jini wa njia. Wapagazi wengi waliachwa hapa wagonjwa, wakiita, wasiitikiwe. Naye akajifunza kuita kwao. Sasa amepata sauti ambayo mtu ataiitikia. Nitamfukiza. Msimjibu, atakwenda."

"Na kama ni yeye?" Gaudensia aliuliza.

"Mtoto wako amepumzika, mama."

Mzee akawasha chetezo, na moshi wa pipa ukapanda mzito, ukawazunguka, na sauti ikaita mama, ikalia, ikaomba maji kama Stela alivyoyaomba siku ile ya mwisho midomo ikiwa imembabuka, na Gaudensia akajaza khanga mdomoni, akaiuma, hakujibu, mpaka sauti ikafifia, ikawa kama pumzi tu, likabaki neno moja ambalo haikuwahi kulitamka.

"Baba."

Vedasto, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, akapiga magoti.

"Naam, mwanangu. Baba yupo."

Moshi ukakatika. Mabruki akafunika chetezo chake, akawapita bila kuwaangalia, akaondoka.

"Nimefanya nini?" Vedasto alinong'ona.

Ndani ya nyumba, kitanda kidogo cha Stela kikalia, kama kinavyolia mtu akijigeuza.

Gaudensia akatoa khanga mdomoni. Alichota maji mtungini, akajaza kikombe.

"Ana kiu," akasema, akaingia ndani.