Kitufe cha Bibi Kokushubira

Bibi Kokushubira alikutwa sakafuni kando ya kitanda chake, Jumapili saa sita mchana, midomo imegeuka buluu na kidole gumba kimeganda juu ya kitufe cheupe kidogo kama kizibo cha soda. Aliyemkuta ni binti yake Agnetha, aliyekuwa akiishi naye, akitoka misa.

Inspekta Evaresta alifika kijijini Kamuli saa tisa. Kabla ya kuiona maiti alimwona Uwiduhaye, kibarua wa nyumba hiyo, amefungwa kwenye mti wa kahawa kwa kamba za migomba, jicho moja limefumba, damu imemkaukia shingoni. Watu kama mia walikuwa wamemzunguka bila kusema neno. Evaresta alikulia Muleba na aliujua ukimya ule. Ni wa watu waliokwisha kuamua.

"Shikamoo, mzee," alimsalimia Anatory, mwenyekiti wa kitongoji.

"Marahaba, afande. Tumekungoja wewe tu. Sema ni yeye, halafu uende zako."

"Amefanya nini?"

"Kidole cha bibi kiko kwenye kitufe. Enduru imelia, yeye yuko hatua arobaini anakatia mbuzi majani, asije! Sisi tulikuwa kanisani kule ng'ambo ya kilima. Yeye alikuwa hapa. Kwetu huku, anayesikia enduru akakaa, huyo ndiye tunayemshika."

Enduru ni yowe la kuomba msaada. Ikilia, kila mwenye miguu hukimbia. Lakini bibi alikuwa na pumu, pumzi za kupiga yowe hana, ndiyo maana mwanawe Gideon, mfanyabiashara wa Bukoba, akamfungia mtambo: vitufe visivyo na waya, na kisanduku ukutani cha kuvisikiliza na kutenda yaliyopangwa kwa simu. Ukibonyeza mara moja, taa inawaka. Mara mbili, redio. Ukikishikilia, honi iliyo juu ya paa inalia bonde zima; hiyo ndiyo ilikuwa enduru yake.

Chumbani, tabibu Elipidius wa zahanati alikuwa amekwisha kumchunguza marehemu.

"Hakukabwa, hakupigwa. Ni pumu. Dawa yake ya kuvuta ilibingirika chini ya kitanda, na kwa kiuno chake kibovu asingeweza kuifikia."

"Angepata mtu wa kumwokotea?"

"Angeishi."

Koplo Dastan, aliyekuja na Evaresta, alivaa glovu, akakishikilia kitufe. Honi ikalipuka kwa kishindo hata kuku wakatawanyika. Waliokuwa mbali wakaja mbio na mapanga yao.

"Umeona?" Anatory alifoka. "Inafanya kazi! Alisikia, akanyamaza."

"Sikusikia kitu, mama," Uwiduhaye alisema kwa shida. "Naapa mbele ya Mungu."

Mtu mmoja akamchapa kofi. Evaresta alikuwa na askari mmoja na gari moja, na aliogopa, wala hakujidanganya kuwa haogopi. Akimpakia kibarua yule garini bila jibu, wasingefika barabarani.

"Leo asubuhi, nani mwingine hakwenda kanisani?" aliuliza.

Ng'ambo ya njia alikuwepo Evelyn, mzazi wa siku nne. Evaresta alimkuta kitandani akimbembeleza mtoto anayelia kwa nguvu zote.

"Hongera, mama. Anaumwa?"

"Haumwi, ni hiyo honi yenu. Ameshtuka mpaka ameacha nyonyo."

"Na asubuhi, ilipolia?"

Evelyn alimkazia macho. "Asubuhi gani? Asubuhi mtoto alilala fofofo. Ingelia, si ningejua?"

Evaresta alisimama palepale uani, akampigia Gideon.

"Pole na msiba. Huo mtambo wako unaweka kumbukumbu?"

"Unaandika kila kitu. Ngoja nifungue." Akaanza kusoma. "Jumamosi saa kumi jioni, honi imeondolewa kwenye kitufe cha mama. Mbona... Leo saa sita na dakika arobaini imerudishwa."

"Mama amekutwa saa sita. Aliyeirudisha alijua amekufa. Nani?"

"Hapa inasema simu namba mbili."

"Ya nani?"

"Ya dada Agnetha."

Akamsomea na yaliyoandikwa kati ya saa hizo mbili. Evaresta aliyaandika kwenye daftari.

Alimwita Agnetha kutoka jikoni kwa wanawake wenzake, akamkalisha chumba cha pembeni, akampa onyo la kisheria.

"Jumamosi saa kumi, simu yako uliifanyia nini?"

"Nilikuwa natuma salamu."

"Na leo, baada ya kumkuta mama?"

Agnetha alitazama mlango.

"Agnetha, kule nje wana mapanga. Ukinyamaza, wanamwua mtu."

Agnetha alifunika uso kwa kanga.

"Wiki hii tu aliiliza honi mara tatu! Watu wanaacha vyungu motoni, wanakuja mbio, wanamkuta anacheka. Alitaka watu wa kuzungumza nao, basi. Mara ya tatu wazee wakaniita. Wakasema honi ikilia tena bure, tunatolewa kwenye chama cha kuzikana. Unajua maana yake, afande? Mama afe, nimbebe mwenyewe? Nichimbe mwenyewe? Nikaizima. Nilitaka azikwe na watu."

"Hukumwambia?"

"Angelia."

"Kwa nini uliirudisha?"

"Niliogopa. Halafu nikasikia wanamtaja Uwiduhaye. Nikajiambia, huyu si wa kwetu. Ni mgeni tu."

Evaresta alilifunga daftari. Alimtoa nje, akamwambia arudie maneno yale mbele ya wote. Anatory, ambaye ndiye aliyetoa lile onyo la wazee, alitazama chini. Dastan alizikata kamba. Uwiduhaye akajikongoja kwenda kunawa damu, na katika watu wote wale hakuna aliyemwomba radhi.

Garini, pingu mikononi, Agnetha aliambiwa atakavyoshtakiwa: kuua bila kukusudia na kuharibu ushahidi. Hakubisha. Walipopita kanisani akauliza:

"Mama alikibonyeza kitufe mara ngapi?"

Evaresta alitamani asiulizwe. Alifungua daftari.

"Thelathini na moja. Ya mwisho saa nne kasoro dakika mbili."

Agnetha alihesabu kimoyomoyo.

"Saa hiyo tulikuwa kwenye sala za waamini," alisema. "Mimi ndiye niliyesoma mbele leo. Niliwaombea wagonjwa walioachwa peke yao nyumbani, na kanisa zima likaitikia."