Kitonge Kwa Kiingereza

Kila Jumamosi Kasuku alimsaidia shangazi yake kuviringa vitonge mgahawani. Jina hilo la utani lilitokana na mdomo wake: hakuna jambo asilolijua, na asilolijua alilijibu vilevile. Vitonge vilikuwa vya nyama ya kusaga, vya viazi, vya unga wa ngano na vya karanga. Vyote vilitoka karaini vimefanana kama mapacha.

"Leo tuna wageni wasiojua Kiswahili," alisema Shangazi. "Niandikie majina ya vitonge ubaoni kwa Kiingereza. Si unasema unakitafuna?"

"Hadi makapi, Shangazi!"

Kasuku akaandika: *Ball. Ball. Ball. Ball.*

"Mbona yote sawa?"

"Kwani si vyote vya mviringo? Kiingereza hakina maneno mengi."

Wageni walipofika, bwana mmoja mnene alisoma ubao, akajifanya anapiga kitonge teke. Wenzake wakaangua kicheko. Kasuku naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

Kisha mama mmoja mwenye miwani akainua kitonge, akauliza swali refu kama kamba ya kisima.

"*Yes*," alijibu Kasuku.

Mama akauliza tena, safari hii akigusa koo.

"*Yes, yes! Very ball!*"

"Anasemaje?" Shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Anasema... vinanukia vizuri."

Mama akakipeleka kitonge mdomoni. Kasuku akauona ule mkono mwingine ungali kooni.

"Mama, usile!" alipiga kelele, akampokonya. "Shangazi, nimekudanganya! Sijui alichouliza. Hata vitonge sijui vinaitwaje!"

Shangazi hakufoka. Alileta mabakuli ya nyama, viazi, unga na karanga, akayapanga mezani. Mama alipoona karanga alirudi nyuma kama aliyeona nyoka, akashika koo na kuvimbisha mashavu mpaka macho yakapotea. Hapo wote wakaelewa: karanga humvimbisha koo.

Shangazi akasugua karai, akatia mafuta mapya, akamkaangia vya viazi.

Bwana mnene akachukua chaki kumfundisha Kasuku. Kwa nyama aliandika *meatball*. Walipofika kwenye unga, wageni wakaanza kubishana: huyu *dumpling*, yule *doughnut*, mwingine *fritter*.

"Kumbe hata wenyewe hawajui!" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

Wageni walipoondoka, alimkalisha Kasuku kando yake. "Mwanangu, kutojua neno si kosa. Watu wazima wamebishana hapa na hakuna aliyeona haya. Lakini ile *yes* yako ingemziba mtu pumzi. Usipojua, sema hujui, ufundishwe."

"Nimekusikia, Shangazi."

"Haya. Sufuria iliyoungua husafishwaje?"

Kasuku alifungua mdomo upesi, akaufunga. "Sijui, Shangazi. Nifundishe."

Shangazi akamkabidhi sufuria na kipande cha gunia. "Kwa mikono."