Kadi ya Kifuko Namba Saba

Kila asubuhi ya likizo, Karani alianza kazi kwa kufuta kaunta. Alitumia kitambaa kikavu, kwa sababu chumvi ya bahari ikilowana huacha mabaka meupe, na shangazi yake alikuwa hapatani na mabaka. Kisha alichonga penseli, akafungua daftari, akaupangusa ubao wa vifuko uliotundikwa ukutani nyuma yake.

Hakuwa karani kweli. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na Fundi, kiongozi wa wazamiaji, siku alipomkuta ameichomeka penseli sikioni kama mtu wa ofisi. Duka lilikuwa la shangazi. Watu walikuja hapo kukodi mitungi ya hewa, wakapanda boti pamoja na Fundi, wakazama kutazama samaki na meli ya zamani iliyolala chini ya bahari.

Hakuna aliyepewa mtungi bila kutoa kadi ya uzamiaji. Kadi ilionyesha picha ya mtu, jina lake, na kina alichofundishwa kufika. Karani alitazama picha, akatazama uso, akaandika daftarini "imeonekana", kisha akaichomeka kadi katika kifuko chenye namba ya mtungi. Mzamiaji aliporudisha mtungi, alirudishiwa kadi yake. Kwa hiyo kadi iliyobaki kifukoni ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu bado yuko majini. Shangazi hakugusa chakula cha mchana mpaka ubao uwe mtupu.

"Hata mimi nikija bila kadi, ninyime mtungi," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Nikikugombeza, niache nigombe."

Aliyeiona sheria hiyo chungu alikuwa kaka yake, mtoto wa shangazi, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kazi yake ilikuwa kujaza hewa mitungini nyuma ya duka. Alisema amemaliza mafunzo na kadi yake inachapishwa. Miezi miwili ilipita, kadi bado inachapishwa. Fundi alimtania kwamba labda wanaichonga kwenye jiwe.

Siku moja shangazi alikwenda karakana na kipuri cha pampu ya hewa. Asubuhi hiyohiyo walifika vijana watatu waliosoma chuo kimoja na kaka. Walicheka kwa sauti kubwa, wakampigapiga kaka mgongoni na kumwita Papa. Karani alielewa mara moja kwamba kaka alikuwa amejigamba kwao, na kwamba leo maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Kaka aliinama juu ya kaunta, akashusha sauti. Alisema kadi imechelewa tu, kila kitu anakijua, na mama yake akirudi atakuta wamesharejea. Kisha akamwuliza Karani, "Kadi yako ya maktaba iko wapi?"

Karani aliitoa mfukoni. Ilikuwa na ukingo wa bluu juu, sawa na kadi za uzamiaji. Na kifuko kilificha kila kitu isipokuwa ukingo.

"Kaka, ulifaulu kweli?"

"Ningekudanganya wewe, mdogo wangu?" alisema kaka, macho yake yakiwa dirishani.

Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti mpaka jasho likamtiririka. Hakuwahi kumnyima kitu. Karani aliichomeka kadi ya maktaba katika kifuko namba saba, na katika mstari wa saba akaandika "imeonekana".

Fundi aliingia, akahesabu kingo za kadi kwa kidole akiwa mlangoni, kama desturi yake. Watu wanane, kadi nane. Alipomwona kaka amevaa mtungi, alisimama.

"Kumbe jiwe limeshachongwa?"

Kaka alionyesha ubao. Fundi hakuutazama ubao tena, bali alimtazama Karani. Karani akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," akasema Fundi. "Karani wangu akikubali, mimi nani nikatae?"

Boti ilirudi kabla ya wakati. Kaka alikuwa amelazwa sakafuni mwa boti, damu ikimtoka sikioni, barakoa ya oksijeni imefungwa usoni pake. Karani alisikia habari vipandevipande kutoka kwa vijana wa chuo, ambao sasa hawakucheka. Maji yaliingia ndani ya miwani ya kaka karibu na meli. Alipapatika, akatema mpira wa kupumulia, akaanza kupiga mateke kwenda juu kwa kasi. Fundi alimdaka mguu, akamrudishia mpira mdomoni, akampandisha polepole. Asingefanya hivyo, wangeleta maiti.

Watu wote walikimbilia gari la wagonjwa. Karani alibaki peke yake mbele ya ubao. Aliichomoa kadi ya maktaba, akaitia mfukoni, kisha akachukua kifutio na kufuta mstari wa saba.

Kwa hiyo shangazi aliporudi kutoka hospitali alasiri, macho mekundu, alikuta kadi za wengine bado ziko ubaoni, lakini kifuko namba saba ni kitupu, na mstari wa saba daftarini hauna kitu.

"Ulimchukua mwanangu bila kadi," alimwambia Fundi.

"Dada, niliiona kadi. Nilihesabu."

"Uliona nini? Hewa?"

Fundi alimtazama Karani, mara moja tu. Hakusema kwamba mtoto alikubali kwa kichwa. Alisubiri kidogo, kisha akainamisha macho. Karani alitazama kucha zake. Shangazi akasema kesho mkaguzi wa usalama wa bahari atakuja, na baada ya hapo asimwone tena Fundi dukani. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na sasa alikuwa amemwaga unga kwa kosa ambalo hakulifanya.

Asubuhi Karani alifuta kaunta mara tatu. Mkaguzi aliingia na mkoba wake, akasikiliza maelezo ya shangazi, kisha akamwomba Fundi kadi yake ya uongozi. Bila kadi hiyo, Fundi asingeweza kufanya kazi katika duka lolote la uzamiaji. Aliitoa katika pochi taratibu, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa imefifia. Kwenye picha alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, anatabasamu.

Mkaguzi alinyoosha mkono kuichukua. Karani akaweka kadi ya maktaba pembeni yake.

"Hii ndiyo iliyokuwa katika kifuko namba saba," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Niliiweka mimi. Fundi aliponiangalia nikakubali. Halafu nikaitoa, nikafuta daftari."

Shangazi aliisoma kadi kama aliyekuwa hajui kusoma, herufi moja baada ya nyingine. Mkaguzi aliinua daftari kuelekea dirishani. Karatasi ilikuwa bado na alama ya penseli pale ilipokandamizwa: imeonekana.

Mkaguzi alimrudishia Fundi kadi yake, akamwonya kwamba alipaswa kuzichomoa kadi, si kuhesabu kingo. Fundi alikubali kosa hilo. Duka lilifungwa kwa miezi mitatu. Kaka alitoka hospitali baada ya wiki mbili. Akiwa kitandani alikiri kwamba alikimbia mtihani wa kuvua miwani ndani ya maji, kwa aibu. Sikio lake la kulia halisikii tena, na daktari amempiga marufuku kuzamia maisha yake yote. Wale vijana wa chuo hawakuja kumwona hata siku moja.

Siku kaka aliporudi, shangazi alimwomba Fundi msamaha dukani mbele ya wote.

"Nimekusamehe, dada," alisema Fundi. "Ila nilikwambia niliiona kadi, ukaniona mwongo. Siwezi kushuka chini na watu huku najiuliza kama nikirudi nitaaminiwa." Akachukua begi lake.

Mlangoni alisimama karibu na Karani, ambaye alikuwa analia kimya.

"Umesema kweli, na umeisema kwa kuchelewa. Yote mawili ni yako, mwanangu, utayabeba. Ile kadi si plastiki tu. Ni neno la mwalimu aliyemwona mtu akiogopa majini, akamwona akitulia, ndipo akasema huyu anaweza. Wewe ulimpenda kaka yako, lakini hukumwona akitulia. Siku ile ungemnyima mtungi, angekununia wiki nzima. Na leo angekuwa anakusikia kwa masikio yote mawili."

Akaondoka.

Shule zilipofunguliwa, Karani alikwenda maktaba kuazima kitabu. Mkutubi alichukua kadi yake, akatupia jicho ukingo wa bluu, akainua muhuri.

"Samahani, mama," alisema Karani. "Angalia na picha."

Mkutubi alishangaa, lakini akaweka muhuri chini. Alitazama picha, kisha akamtazama usoni. Karani alisimama wima, hakukwepesha macho, mpaka mama yule alipomaliza kutazama.

"Ndiwe," alisema mkutubi, akagonga muhuri.